Mkalimani wa Matusi ya Fundi Achoi

Vijana wangu mnaoshuka maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu kule Nyarugusu, huwa mnakuja kwangu kuuliza habari za matimba. Mnataka kujua mti gani unafaa kushikilia mwamba, ukatwe lini, kabari igongwe mpaka wapi. Nawaeleza, mnanishukuru, mnawasha pikipiki mnaondoka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nilifundishwa na nani, tena kwa lugha gani. Basi leo nawaambia bila kuulizwa. Kazi hii nilifundishwa na Mchina, na katika Kichina chake chote, kilichoniingia kichwani ni matusi tu.

Chekeni. Mimi mwenyewe nikikumbuka sijui kama nicheke au niombe radhi, wala sijui nimwombe nani.

Zilikuwa enzi za Mwingereza, miaka ya baada ya vita kubwa. Nilikuwa Mwadui nikiranda milango ya nyumba za wafanyakazi, kazi safi, ya juani. Nikasikia kuna mgodi wa dhahabu upande wa Geita unatafuta maseremala wa chini kwa chini. Nikaenda na randa yangu begani. Fundi niliyemkuta aliitazama ile randa, akaipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto wa mwenzake, akaiweka juu ya rafu, akanipa shoka. Chini ya ardhi hakuna anayelainisha mbao. Hilo lilikuwa somo la kwanza, na halikuwa na neno hata moja.

Huyo ndiye Fundi Achoi. Alikuwa Mchina wa Beira, mwana wa seremala. Namna alivyopanda kutoka kule kwa Wareno mpaka kwenye vilima vyetu sikuwahi kuielewa, maana kila alipoieleza njia ilibadilika: mara meli, mara treni, mara lori la pamba. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye viganja vipana visivyolingana na mwili wake, kana kwamba aliazima mikono ya kaka yake akasahau kuirudisha. Misumari aliiweka midomoni. Akitaka kusema jambo aliisukuma yote upande mmoja wa shavu, halafu Kiswahili chake kilitoka kwa vipimo: "Leta. Kata. Si hapo. Nusu kidole." Zaidi ya hapo hakuwa nacho, na mimi Kiswahili changu cha siku hizo kilikuwa kimejaa Kisukuma kama debe la mchele lenye pumba. Tulikutana katikati, gizani, kila mmoja na taa yake kofiani.

Sasa nisikilizeni kwa makini, kwa sababu hapa kuna ujuzi. Mtu akitaka kujifunza lugha kwa masikio, asianze na salamu. Salamu mtu huitoa akiwa amevaa adabu zake zote, na adabu huuficha ulimi. Subiri ajigonge kidole. Hapo lugha yake hutoka ikiwa uchi.

Neno langu la kwanza lilikuwa "diu". Lilitoka nyundo ilipokosa msumari. Lilikuwa fupi na kali, na halikuomba ruhusa kwa mtu. La pili nililipata kwa kosa langu mwenyewe. Alikuwa amenionyesha jinsi ya kukaza nguzo chini ya boriti: kabari mbili, zikabiliane kama watu wawili wanaosukumana mlangoni, ugonge huku, ugonge kule, mpaka mti useme "enh", basi. Mimi nilikuwa kijana mwenye misuli. Mti uliposema "enh" nikaongeza. Uliposema "enh" tena nikaongeza. Boriti ikapasuka kutoka kichwa mpaka mkia. Fundi Achoi akatema misumari yote kiganjani, akajigusa kipaji cha uso kwa kidole, akaniambia "chisin". Halafu akaendelea kwa muda mrefu sana, na ndani ya maneno yale nikayatambua machache niliyoyajua, kama mtu anayewaona jamaa zake katikati ya msafara wa wageni.

Nikaanza kuyakusanya. Pampu ya maji ilipozimika lilikuja "hamkachan", refu, akiwa ametazama juu, na sote tukajua siku imeharibika. Gogo lilipokataa kusimama, likateleza kila alipoliegemeza, aliliita "pokai". Niliona ninaelewa. Kisha siku moja nikamkuta nje ya karakana anamkuna sikio mbwa wa kambini, amemkalia karibu, anamwambia taratibu, "Pokai. Pokai." Mbwa anatikisa mkia. Nikasimama pale na shoka langu. Ni tusi au si tusi? Kama ni tusi, mbona mkono unabembeleza? Kama si tusi, gogo lilikuwa linabembelezwa? Nililala na swali hilo na kuamka nalo.

Maneno yenyewe hayakungoja nielewe. Yalipanda kwenye ndoo pamoja na mawe, yakaenea kambini. Wapika pombe waliwaambia mbuzi "chisin". Wachimbaji wa Ushetu, waliokuja kutafuta kitu baada ya kuvuna tumbaku, walirudi kwao na "diu" kama mtu anavyorudi na blanketi jipya. Na mnyapara wetu Ramadhani, Mzaramo mwenye koo la chuma, aliyapokea kwa furaha kuliko sote, kwa kuwa Mzaramo ni mtani wa Msukuma, na mtani haachi silaha ipite bila kuijaribu.

"We Nkwabi," aliniita mbele ya watu, "Mchina amekuita nini leo?"

"Chisin."

"Amekuona vizuri! Sisi tangu babu zenu waje pwani wamebeba pembe, tunalitafuta jina lenu. Kumbe liko China."

"Na lenu analo. Diu. Fupi, lina kelele, na hutoka mtu akiumia."

"Haya nenda kafanye kazi, mla viazi wewe."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Matusi yalikuwa chumvi yetu, na sikuwahi kuona yakimdhuru mtu.

Niseme hapa jambo la miaka ya baadaye, kabla sijalisahau. Walipokuja Wachina wa kujenga reli, nilikuwa nimekwenda kusini kumtembelea binti yangu aliyeolewa huko. Nikamwona mmoja amepumzika kando ya tuta. Nikasimama mbele yake, nikavua kofia, nikamtolea Kichina changu chote, neno baada ya neno, kwa heshima, kama mtu anayeonyesha vyeti. Nilitaka tu kujua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanitazama usoni, akanipa sigara. Hakuelewa kitu. Mkwe wangu akaniambia kwao nako kuna makabila na lugha nyingi, kama kwetu. Basi ningempata wapi wa kabila la Achoi? Niliivuta ile sigara nikiwa mjinga kuliko nilivyokuja.

Lakini niliyotaka kuwaambia ni habari za Masanja.

Masanja alikuwa mpakiaji wa mawe, mtoto wa mama mjane wa vijijini Shinyanga, kijana mrefu aliyekula ugali kama anayejaza shimo. Siku hiyo tulikuwa tunasimamisha nguzo za mwisho kwenye njia mpya. Nilikuwa nimekwisha kuugonga mwamba wa juu kwa nondo. Mkumbuke hili: mwamba ukilia kama kengele ni mzima, ukilia kama ngoma umekwisha kuachana na wenzake. Ule ulilia kama ngoma. Fundi Achoi akatuzuia kwa mkono, tusipite nguzo ile tuliyokuwa tunaikaza. Masanja alikuwa ameacha chepe lake mbele. Akaona ni hatua chache tu. Akapita.

Hapo ndipo Fundi Achoi alipopiga kelele: "Pokai!"

Na jiwe likaja.

Nimelirudia jambo hili kichwani maisha yangu yote. Mimi nilikuwa katikati, nguzo kushoto kwangu, Masanja mbele yangu. Nguzo ilikuwa imeteleza kidogo kwenye kitako chake. Je, aliiambia nguzo au alimwambia Masanja? Taa yake ilikuwa inamulika wapi? Wakati mwingine naiona ikimulika mti, wakati mwingine naiona ikimulika mgongo wa yule kijana. Ninalolijua ni kwamba neno lilitangulia na jiwe likafuata, na kila aliyekuwepo aliona mfuatano ule.

Tulimtoa Masanja akiwa hai. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti, dresa wa kambini akaunyoosha, akaufunga kwa vibao ambavyo Fundi Achoi mwenyewe alivichonga, vyembamba, laini, na kwa mara ya kwanza nikaiona randa yangu ikishuka kutoka kwenye rafu. Dresa alisema mfupa utaunga. Na kweli uvimbe ulishuka, homa ikaondoka. Ila Masanja aliugeukia ukuta, akakataa chakula.

Kwetu Usukumani, wajukuu zangu, tusi na laana ni vitu viwili. Tusi linakupitia juu ya kichwa kama kunguru. Laana inatua. Tusi hutolewa na mtani, na mlevi, na mtoto. Laana hutolewa na mtu mzima mwenye ujuzi wa kitu, hasa akiitoa mahali penye nguvu. Sasa hesabuni wenyewe: mtu mzima, fundi, chini ya ardhi. Wenzetu wakaanza kunong'ona kwamba miaka yote ile tulidhani Mchina anatukana, kumbe analaani. Watu wakakataa kupita chini ya nguzo zake. Mwingine akakumbuka kwamba na yeye aliitwa "hamkachan", akajishika kiuno na kusema kinauma.

Nilikwenda kumwona Masanja. Nikamwambia, "Mbona mimi ameniita chisin mara nyingi, na ni mzima?"

Akajibu akiutazama ukuta, "Wewe una uhakika u mzima?"

 Nikajichunguza njia nzima nikirudi.

Uji uliletwa, ukaondolewa. Kifua kipana cha Masanja kikaanza kuonyesha mbavu. Dresa akaniambia kando, "Mguu wake unapona, mwenyewe anakufa. Kwenye kabati langu sina dawa ya hiyo."

Ndipo mama yake alipofika, amejifunga kaniki, kibuyu mkononi, vumbi la njia limempanda mpaka magotini. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kusimama. Aliingia kwa mwanawe, akakaa naye, akatoka. Hakulia.

"Nani aliyelisema neno?" aliuliza kwa Kisukuma.

Tukamwambia.

"Basi aje alitoe. Aliyelitia ndiye alitoaye. Anywe maji ya unga wa mtama, ayapulize kwenye kifua cha mwanangu, aseme maneno mema. Nani anaijua lugha yake?"

Ramadhani akanigeukia, na yule mtani wangu wa siku zote hakuwa na mzaha usoni. "Nkwabi anakijua Kichina."

"Nakijua?"

"Kutwa unakiongea."

"Ramadhani, unajua ninachokijua!"

"Mwingine ana nini? Mimi nina diu na chisin. Wewe unayo mengi. Nenda, bwana. Yule mtoto anatuponyoka."

Nikaenda karakana. Fundi Achoi alikuwa anachonga kabari, hana kazi yoyote inayozihitaji, amezirundika mpaka zimemfikia gotini. Nikajaribu kuwa mkalimani. Nikaonyesha upande wa zahanati, nikasema, "Masanja. Pokai." Nikatikisa kichwa kwa nguvu. "Pokai hapana. Pokai toka." Nikaonyesha mdomo wake. "Wewe. Pokai. Rudi."

Uso wake ukawa mwekundu. Nikaona kwamba mimi, kijana wake, nimesimama mlangoni mwake ninamtukana. Akatupa shoka likakita kwenye gogo. Nikamshika mkono, nikaacha Kichina, nikarudi kwenye vipimo vyetu.

"Fundi. Masanja hali."

"Hali? Tumbo?"

"Si tumbo. Neno lako. Anaogopa neno lako. Mama yake amekuja."

Akakaa juu ya zile kabari. Akaanza kutoa misumari midomoni mmoja mmoja.

"Mimi sema mti," alisema. Kisha, "Mimi sema jiwe." Kisha akayafumba macho. "Mimi hapana jua. Mimi ogopa, neno toka."

Nikarudi na jibu hilo kwa mama. Nilidhani litamtosha. Nikamweleza kwamba huenda neno lilikuwa la mti, au la jiwe, na huenda hata mwenyewe hajui.

"Baba," aliniambia, "ukirusha jiwe shambani kufukuza ndege, na jirani amepita, utamwambia jiwe lilikuwa la ndege? Namtaka aje. Simtaki kwa ugomvi. Namtaka kwa mdomo wake."

Alikuja. Alikuwa ameoga, amevaa shati jeupe lililofungwa vifungo mpaka kooni, na midomo yake bila misumari ilionekana midogo, kama si yake. Watu walijaa mlangoni na dirishani, wakampisha kwa kurudi nyuma zaidi ya ilivyohitajika. Alipomwona yule mama alisimama, akainama mbele yake, kichwa chini sana. Mama akampa bakuli la maji ya unga wa mtama. Fundi Achoi akalipokea kwa mikono miwili, akanywa, akameza yote, akamrudishia na kufuta mdomo.

 Ramadhani akanifinya. "Amemeza! Mwambie hayamezwi!"

Nimwambie kwa neno gani? Katika kila nilichokusanya hakukuwa na "meza" wala "tema". Nikajaza mashavu hewa, nikapuliza mbele ya watu wote kama chura. Mtu mmoja dirishani akacheka, akazibwa mdomo. Mama akachanganya mengine, wala hakukasirika.

Mara hii aliyaweka kinywani. Akapiga magoti kando ya kitanda. Masanja alikuwa amegeuka chali, amemkodolea macho, na kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka kwa kasi. Fundi Achoi akapuliza. Maji yakatua kama umande wa shambani, na unga ukabaki kwenye ngozi vidoadoa vyeupe. Halafu akaweka kiganja chake kipana pale pale, akaanza kusema.

Vijana wangu, nilikuwa nimemsikiliza mtu yule miaka. Nilimsikiliza kuliko nilivyowahi kumsikiliza mtu wa ukoo wangu. Nikatega masikio yangu yote. Nikangoja "diu", haikuja. Nikangoja "chisin", nikangoja lile refu la pampu, nikaliogopa lile lililokuwa limetuleta pale. Maneno yaliendelea kutoka, ya chini, ya polepole, yakipanda kidogo na kushuka kama njia ya ng'ombe kilimani, na hakuna hata moja nililokuwa nimekutana nalo. Sikujua lugha ile. Nilihisi kama mtu aliyefanya kazi ndani ya nyumba muda wote akiijua stoo tu, sasa ameona mlango wa sebule umefunguliwa, anaona kuna watu ndani, na hajui jina la yeyote. Alikuwa anaomba? Anasimulia? Anamwita mtu? Machozi yalimtoka, au yalikuwa yale maji ya unga. Hata hilo sikulijua.

Akanyamaza. Akaondoa mkono.

"Amesema nini?" mama akaniuliza.

Zahanati nzima ikanigeukia. Masanja naye akanigeukia, macho yake makubwa katika uso uliokonda. Nilijua ninaweza kubuni. Nilikuwa na maneno mazuri ya Kisukuma tele, ya kumtosheleza mama yeyote. Ulimi ukakataa. Siwezi kuwaeleza ni kwa nini, sikuwa mtu mwema kupita wengine.

"Sijui, mama," nikasema.

"Hujui?"

"Sijaelewa hata neno moja."

Ramadhani akashika kichwa. Mlangoni watu wakaguna. Mama alisimama akanikaribia mpaka nikaiona mistari ya vumbi kwenye shingo yake.

"Ngoja, mwanangu, ng'wana wane. Nimeambiwa umejifunza maneno yake."

"Ndiyo, mama. Ila mabaya tu."

"Yote?"

Nikafikiri. "Naamini yote. Hakuna siku aliyokosa kuyatumia."

"Na hapa, katika yote aliyosema juu ya mwanangu, umesikia mangapi?"

"Hata moja."

"Hata moja," alirudia. Akageuka kumtazama Masanja. "Umemsikia? Mabaya yake yote mwenzio anayajua, na hapa hakulisikia hata moja. Basi alichosema ni kitu gani, kama si mema?"

 Nililizungusha neno lile kichwani, nikalitafuta kosa lake, na nikawa silioni. Fundi Achoi alikuwa bado amepiga magoti, anatuangalia mmoja mmoja, anangoja mtu amwambie kama imekubaliwa, na mimi, mkalimani wake, sikuwa na neno la kumwambia ndiyo. Yule mama akamshika kiwiko, akamwinua mwenyewe.

Kisha akachukua bakuli la uji lililokuwa limekaa dirishani tangu asubuhi, akakaa kitandani, akampelekea mwanawe kijiko. Masanja alikitazama. Akanitazama mimi, akamtazama Fundi. Akafungua mdomo, akameza, na uso wake wote ukakunjamana.

"Mama," alisema, "umepoa huu."